Gamba la Injini

Gamba halishiki juu ya nywele. Nilimnyoa Lwitiko kifua kwa wembe mkavu, nikampaka spiriti, kisha nikalibandua gamba kwenye karatasi yake na kulilaza taratibu kutoka mfupa wa bega hadi karibu na kitovu. Ni jembamba kuliko ganda la kitunguu. Vipande viwili vidogo vilikaa viganjani, na kimoja kirefu kilishuka mgongoni kando ya uti. Likishakaa hulioni, ila mtu akisimama juani ngozi yake inameta kama ya samaki.

"Baridi," Lwitiko alisema.

"Injini ikiwashwa utapata joto. Kaa hapo kwenye kigoda, usitoke humu. Na ukisikia sauti ya shemeji yangu, hata kukohoa usikohoe."

Tulikuwa chumba cha nyuma cha banda langu la ndege, pale Matema, ninapoweka magaloni matupu na mipira ya maji iliyochakaa. Lwitiko alikaa, akafumba macho. Ni mwanaume wa miaka thelathini hivi, mpana wa mabega, mpole. Uwanja mzima ulimwita Jiwe, kwa sababu moyo wake haukimbii. Mafundi wote tulikuwa tunamgombea.

Sheria yenyewe ilikuwa fupi: aliyefunga bomba ndiye avae gamba. Maporomoko yalipomeza barabara za milimani, kila kijiji kilianza kuunda ndege zake kwa mabomba ya alumini na injini za rota zilizong'olewa kwenye magari ya zamani. Ndege zikawa zinaanguka kama kumbikumbi. Sisi mafundi tulikuwa tukisema "ajali kazini", tunarudi kwenye ugali. Ndipo Baraza la Anga likaleta gamba. Injini ikiwa hewani, fundi aliyeifunga anaihisi mwilini mwake. Kifua ndiyo injini. Mgongo ni oili. Viganja ni rejeta mbili za kupoza maji, ya kushoto na ya kulia. Moto wa kule ni moto wa huku. Hauunguzi ngozi, lakini mwili haujui hilo.

Na lipo jambo la pili, ambalo ndilo baya. Gamba linasikiliza moyo. Moyo wa mvaaji ukienda mbio, ndege inachukulia kwamba fundi ameona hatari, na injini inapunguzwa nguvu papo hapo, rubani apende asipende. Mvaaji akizimia, au akilivua, injini inashuka hadi mzunguko wa chini kabisa, ule wa kusubiri ardhini.

Waliotunga sheria walidhani wamemfunga fundi na kazi yake. Hawakufikiria kwamba kifua kinaweza kukodishwa.

Mimi nilivaa mwenyewe kwa miaka. Kisha ndege ya rubani Ngogo, sasa marehemu, ikaingia ziwani kwenye ukungu, gamba likiwa kifuani kwangu. Injini haikuwa na kosa lolote. Kifua kilikuwa cha moto, halafu kikawa maji. Nilikaa nikihisi ziwa linaingia katikati ya mbavu zangu, na lile baridi likaendelea, maana vidude vya kupimia vilivyo kwenye injini viliendelea kutuma mpaka betri ikaisha. Tangu hapo sikulivaa tena. Nikawa namtafuta Jiwe.

"Shemeji! Uko wapi, we mzee wa kujificha?"

Nilitoka haraka na kuuvuta mlango. Bupe, mdogo wa mke wangu, alikuwa amesimama chini ya pua ya ndege, kofia ya rubani kwapani. Ndege ilikuwa mpya. Tulikuwa tumeijaribu mara chache juu ya ufuko, chini chini, kwa nguvu ndogo. Hii ilikuwa safari yake ya kwanza ya kupanda mlima, na mzigo wake ulikuwa vyungu vya Ikombe vilivyofungwa kwa majani makavu, vinakwenda Makete.

"Umenyoa, au kifuani bado kuna msitu wa Rungwe?"

"Nimenyoa."

"Mbona umepauka? Dada anakulisha nini? Au unaiogopa ndege yako mwenyewe?"

"Namwogopa rubani."

Alicheka, akaipiga bodi ya ndege kofi kama mtu anayempiga ng'ombe asogee. Halafu akaacha kucheka, kwa sababu tulikuwa tumefika pale ambapo hakuna utani. Rubani lazima aulize, na fundi lazima ajibu huku mkono wake uko juu ya bawa. Ndivyo tunavyofanya uwanja wetu wote.

"Umevaa?"

Niliweka mkono juu ya bawa.

"Nimevaa."

*

Redio ya upepo, ya kuzungumza na rubani, ilikuwa kwenye rafu juu ya kichwa cha Lwitiko. Tulisikia ndege ikiruka, kwanza kwa masikio, kisha kwa redio peke yake. Bupe aliifuata pwani ya ziwa, akageukia kwenye korongo linalopanda kuelekea uwanda wa juu. Hakuna njia nyingine kwa ndege ndogo. Unaingia korongoni, unapanda huku kuta zinakuja kila upande, na mwisho wake kuna ukingo wa mwamba. Ukiuvuka, mbele ni majani matupu.

"Kifua?" nilimuuliza Lwitiko.

"Joto."

"La chai au la jiko?"

"La chai."

"Mgongo?"

"Vuguvugu."

Nilitulia. Nikawasha moto nichemshe uji. Kabla sufuria haijaanza kuvuma nilimtazama tena. Jasho lilikuwa likimtiririka kifuani peke yake, kana kwamba mtu amemmwagia kikombe. Usoni alikuwa mkavu.

"Kifua?"

"La jiko sasa." Sauti yake ilikuwa ileile, ya mtu anayetaja bei ya dagaa.

"Viganja?"

Alivifungua na kuvitazama.

"Baridi."

"Vyote viwili?"

"Vyote. Kama vile nimeviweka mtoni."

Injini inachemka, rejeta ni za baridi. Maana yake maji hayafiki kwenye rejeta. Yanazunguka mahali pengine. Lakini wapi? Hewa haikunaswa, niliitoa mwenyewe, pua ya ndege ikiwa imeinuliwa, mpaka mapovu yakaisha. Vibano vya mipira nilivikaza na kuvirudia. Na kama mpira ungepasuka, maji yangekwisha na kifua kingepanda ghafla, siyo hivi, pole pole kama sufuria.

Macho yangu yakaenda ukutani. Kuna waya pale ninapotundika themostati. Zipo nyingi, zinapigana zikipitiwa na upepo. Kila fundi wa nchi hii anaing'oa themostati kabla hata hajaipima injini. Ndivyo tulivyofundishwa na waliotufundisha: kwetu hakuna theluji, kidude cha kuzuia maji ya baridi cha nini? Unakitoa, unafunga, maji yanapita wazi, injini inapoa. Nimefanya hivyo kwenye malori, matrekta na pampu za mashambani, na hakuna injini iliyowahi kulalamika.

Ila injini ya rota haikuundwa hivyo. Haina pistoni zinazopanda na kushuka. Ina rota mbili za pembe tatu zinazozunguka ndani ya nyumba zake, na moto wote unawaka upande mmoja tu. Upande ule ukikosa maji, hausamehe. Na nyuma ya themostati yake, kwenye mdomo wa pampu, kuna tundu linaloyarudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, ili injini ipate joto mapema. Themostati ikifunguka, mguu wake unashuka na kuliziba tundu lile. Ukiing'oa, basi lazima uzibe tundu kwa kizibo. Usipoziba, tundu linabaki wazi daima. Kwa nguvu ndogo hutagundua, maji ya kutosha bado yanakwenda kwenye rejeta. Ukiikamua injini ipande mlima, pampu inasukuma maji yale yale ya moto kwenye mduara uleule.

Sikuweka kizibo. Nilijua tu, kama unavyojua umeacha mlango wazi ukiwa tayari uko safarini. Mkono uling'oa kwa mazoea, na kichwa hakikufika.

*

"Shemeji, inavuta vizuri mno!" Bupe alisema redioni. "Umenipa farasi. Ukingo nauona."

Ndege zetu hazina geji ya joto mbele ya rubani. Baraza liliziondoa. Geji ni fundi.

Injini ilikuwa inavuta vizuri kwa sababu Jiwe hakuwa na mbio moyoni. Gamba lilikuwa linasikiliza moyo uliotulia na kuiambia ndege: hakuna shida, toa nguvu yote. Nilimshika Lwitiko mkono nikatafuta mshipa. Ulikuwa unagonga taratibu kama mtu anayetwanga kwa uvivu. Lakini midomo ilikuwa imekauka, na macho hayakuwa yananitazama mimi.

"Vumilia kidogo," nilimwambia.

"Sawa, mzee."

Nitasema nilichofikiria, maana ndicho kilichokuwa chumbani mle. Nilifikiria kwamba Jiwe akikaa tu pale na moto wake, Bupe ana nafasi ya kuvuka. Nikilivaa mimi, moyo utaruka, injini itakatwa, naye yuko mbele ya mwamba. Kwa hiyo wema kwa Bupe ni kumwacha Lwitiko aungue. Ilikuwa hesabu safi. Na ndani ya hesabu hiyo alikuwamo mtu wa tatu aliyefaidika, naye ni mimi, niliyekuwa nimesimama na kifua kikavu. Nilikuwa nimesikia habari za mvaaji mmoja huko kusini aliyelala na gamba la mwenzake na hakuamka.

Damu ilianza kumtoka Lwitiko puani. Aliifuta kwa mgongo wa mkono, akaitazama, akatulia.

Nilibonyeza kitufe cha redio.

"Bupe. Injini inachemka. Nimeacha tundu la pampu wazi, maji hayafiki kwenye rejeta."

Nilisikia mngurumo tu.

"Mbona basi haijapunguza nguvu? Kama inachemka hivyo, moyo wako uko wapi?"

"Sikuvaa mimi. Kavaa Lwitiko."

"Uliposhika bawa ulisema nini?"

"Nilidanganya."

Mngurumo tena. Nilingoja matusi, nilikuwa nayahitaji. Hayakuja.

"Nikigeuka?" aliuliza.

"Hapo ulipo korongo ni jembamba. Utagonga ukuta."

"Nikipunguza moto?"

"Hutavuka."

"Nikienda hivihivi?"

"Sijui. Inaweza kufika, inaweza kunoki, ikakwama isizunguke tena. Lwitiko haijui injini, anachojua ni moto tu, hawezi kuniambia umefika wapi."

"Yeye yukoje?"

Nilimtazama. Kichwa chake kilikuwa kimeanza kuinama upande.

"Anatokwa damu puani."

"Mvue."

"Bupe, sikiliza. Moyo wangu si kama wake. Nikivaa mimi, injini inakata..."

"Nimesema mvue mtoto wa watu! Sivuki mlima huu kwa kifua chake. Vaa mwenyewe, Obadia. Wala usiogope mpaka nikwambie."

Hakuwahi kuniita jina langu tangu nimuoe dada yake.

*

Unapolihamisha gamba unapewa muda wa pumzi chache tu. Nilirarua shati. Kifua changu hakikunyolewa, hilo nalo nilikuwa nimedanganya. Nilimbandua Lwitiko kwa mvuto mmoja, akaanguka kwenye magunia, nami nikalibamiza gamba juu ya nywele zangu na kulifunga kwa kipande cha mpira wa tyubu, kuzunguka mbavu, nikakaza kwa meno; kile cha mgongoni nikakisokomeza chini ya mpira huohuo, na viwili vidogo nikavibandika viganjani.

Moto uliingia.

Siwezi kuueleza kwa kuufananisha na jiko. Jiko liko nje yako, unaweza kuondoka. Huu ulikuwa nyuma ya mfupa wa kifua, na ulikuwa unazunguka. Na kilichonitisha zaidi ni kwamba niliuelewa. Upande wa kushoto, ulio wa rota ya nyuma, ulikuwa mkali zaidi. Oili mgongoni ilikuwa imeanza kuwa nyepesi. Lwitiko alikuwa anaungua bila kujua maana yake, mimi nilikuwa naungua na kusoma. Moyo ukaruka.

"Nguvu inapungua!" Bupe alipiga kelele. "Shemeji, pua inashuka!"

"Najua!"

"Tulia!"

"Natulia!"

"Hutulii! Siku ya posa ulitetemeka hivihivi, ukamwagia baba togwa kwenye kanzu!"

"Kikombe kilikuwa na ufa!"

"Ufa gani? Nilikiosha mimi. Ulikishika kwa mikono miwili kama mtoto aliyeachishwa ziwa jana."

"Kilikuwa na ufa pembeni ya mkono, nilimwonyesha dada yako!"

"Na dada akakuonea huruma ndiyo akakubali. Sisi wengine tulisema arudishwe kwao Ukinga akachunge kondoo."

Nilikasirika kwelikweli. Miaka yote ile nimekuwa nikiwaambia kuhusu ule ufa. Na hasira, sijui kwa nini, haikukimbia kama woga, ilitembea. Mngurumo redioni ukajaa tena.

"Inavuta," alisema. "Endelea kununa. Nambie injini."

"Rota ya nyuma imezidi. Rudisha moto kidogo. Kidogo, nimesema! Hapo. Hapo ishikilie."

"Sipandi vya kutosha."

"Achia mzigo."

"Vyungu vya akina mama?"

"Achia!"

Nilisikia kishindo cha mlango wa tumbo la ndege ukifunguka, na pengine nilidhani tu nimesikia vyungu. Kifua kilipwaya kidogo, injini imepata nafuu, kisha kikaja tena. Viganja vyangu vilikuwa baridi kama vya maiti. Niliviweka juu ya kifua, vyote viwili, nikavikandamiza. Haikusaidia injini hata chembe. Rejeta ziko kule na mimi niko huku. Lakini niliona kama nafunga bomba nililoliacha, na moyo ukapata kazi ya kufanya.

"Mwamba uko chini ya magurudumu," Bupe alisema, sauti yake ndogo. "Usiogope. Usiogope bado. Bado." Halafu: "Majani. Shemeji, majani! Haya, sasa ogopa."

Nikaogopa. Sikujua kwamba nilikuwa nimeuhifadhi woga mwingi kiasi kile. Ulinitoka kwa meno na magoti, nikajikunja sakafuni, na injini ikakatwa mara moja. Moto ukaanza kushuka. Ukashuka ukawa vuguvugu. Redio ilikuwa kimya. Kifua kikapoa, kikaendelea kupoa, na nikawa natafuta maji kati ya mbavu, natafuta lile baridi la Ngogo, nikijiambia kule juu hakuna ziwa, ni majani tu, lakini majani nayo yanaua.

"Bupe."

Nilibonyeza kitufe tena.

"Bupe, shemeji yangu."

Redio ikakwaruza.

"Nimekaa," alisema. "Gurudumu moja limebaki huko nyuma. Kuna mchungaji ananikodolea macho hapa."

"Injini imenoki?"

"Sijui injini. Mimi miguu ndiyo imenoki." Alivuta pumzi, na nikasikia kwamba analia. "Utapanda huku kwa miguu na hicho kizibo chako. Na Baraza wakiniuliza nani alivaa, sitakufichia."

"Usinifichie."

*

Lwitiko alikuwa amekaa kwenye magunia, ameegemea ukuta. Nilimpa maji, akanywa nusu, nusu akajimwagia kifuani pale gamba liliponyofoa ngozi.

"Uliogopa sana, mzee," alisema.

"Si wote tuna moyo wa jiwe."

"Mimi naogopa." Alisema hivyo kwa sauti yake ya siku zote. "Naogopa tangu unaponoa wembe. Leo nilijua nakufa."

"Nilikushika mshipa. Moyo haukwenda mbio."

"Unazuiwa." Aliingiza mkono mfukoni akatoa karatasi ya vidonge, vingine vimekwisha kutobolewa. Nilivijua. Kila mwenye mzee nyumbani anavijua, ni vya presha. "Nameza viwili kabla sijaja. Moyo unataka kukimbia, unashindwa. Ni kama kuota unafukuzwa na miguu haitoki."

"Vya nani hivi?"

"Vya mama."

"Na yeye anameza nini?"

Alivirudisha mfukoni polepole.

"Siku ambazo hakuna ndege," alisema, "anameza yeye."

Nje kulikuwa na mtu anapiga mlango wa banda. Nilimtambua kwa sauti, ni fundi wa banda la tatu, mtu wa haraka siku zote.

"Jiwe yumo humo? Mwambieni aje, nina ndege inatoka sasa hivi!"

Lwitiko aliweka kiganja ukutani, akaanza kuinuka. Nilimkalisha chini kwa bega. Halafu nikatoka mwenyewe jinsi nilivyokuwa, bila shati, gamba likiwa limefungwa kifuani kwa mpira wa tyubu mbele ya macho ya uwanja mzima, na moyo wangu ukikimbia.